Tulipamba Msalani, Tukamsahau Mama

Tulihamia nyumba yetu wenyewe katika mwezi wa Mfunguo Nne, baada ya kuishi miaka 11 katika nyumba za kupanga. Mwenye kuwahi kupanga uswahilini anaijua hali hiyo vyema: choo kimoja cha uani kwa kaya 5, foleni ya alfajiri, na kila kaya na kopo lake lenye alama yake. Kopo letu lilikuwa la plastiki, rangi ya buluu, na mpini wake tuliufunga uzi mwekundu ili lisichanganywe na la jirani. Siku ya kuhama tulilipakia pamoja na masufuria na magodoro. Hatukujua kwamba ipo siku tungeandika habari zake gazetini.

Nyumba yetu ipo Chanika, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Ina vyumba vitatu na vyoo viwili. Kimoja kimo ndani ya chumba chetu cha kulala, na cha pili kipo karibu na sebule kwa ajili ya watoto na wageni. Hicho cha wageni ndicho tulichokiwekea nia njema kuliko pahala pengine popote katika nyumba. Tulikumbuka jinsi wazee wetu walivyokuwa wakija kututembelea kule tulikopanga, wakalazimika kutoka nje usiku kwa tochi, kanga ikiburura juu ya matope. Tukaazimia kwamba mgeni wetu hatapata tena taabu hiyo. Nia ilikuwa safi. Lakini nia njema nayo huhitaji kuangaliwa, kwani huweza kuanza kwa ajili ya mgeni na ikaishia kwa ajili ya macho ya watu.

Ukuta tuliujenga kwa vigae vyeupe, na choo tukaweka cha kukaa. Pembeni yake ukutani pana mpira wa maji wenye kitufe cha chuma cha kubinya kwa kidole gumba. Wiki tatu za mwanzo kopo letu la buluu lilitundikwa hapo kwenye msumari, juu ya ndoo ya maji. Kisha tukaanza kupamba. Tulinunua rafu ndogo ya mbao yenye ngazi tatu, tukaisimamisha mahali pale pale palipokuwa na ndoo. Ngazi ya juu tuliweka chupa ya marashi na ua la kitambaa. Ya katikati tukapanga taulo ndogo zilizokunjwa. Ya chini tukaweka kikapu cheupe cha dukani chenye roli 6 za karatasi za chooni: tatu chini, mbili juu yake, moja kileleni, na kila roli imefungwa utepe wa rangi ya dhahabu. Tulirudi nyuma hatua mbili, tukatazama, tukaridhika.

Kopo na ndoo tukavipeleka katika choo cha ndani. Tulijiambia kwamba mpira wa maji upo, kopo la nini tena? Hayo ndiyo tuliyoyasema kwa ndimi zetu. Ukweli wa nyoyo zetu ni kwamba tulilionea haya kopo lile.

Watoto tukawapa amri. Roli iliyochomekwa ukutani ndiyo ya kutumia. Ikiisha, waje waseme, nasi tutawatolea nyingine stoo. "Zile za kikapuni msiziguse," tuliwaambia, tena si mara moja. "Zile ni za wageni."

Katika Mfunguo Sita alikuja mama kutoka Pangani. Hatutasema ni mama mzazi wa yupi kati yetu sisi mume na mke, kwani kwetu hilo halisemwi; ni mama yetu sote. Ana umri wa miaka 74, na alikuja kutibiwa magoti. Maisha yake yote amesuka ukili. Mikeka ya kulalia, misala ya kuswalia, vikapu na kawa za kufunikia chakula, vyote vimepita katika vidole vyake, na ada zetu za shule zilitoka humo. Sasa vidole hivyo vimepinda kwenye viungo. Bado vinasuka, kwa kuwa usukaji una njia yake vidoleni, lakini haviwezi kufungua kifuniko cha chupa.

Nyumbani kwake Pangani choo ni cha uani, cha kuchuchumaa, kimejengwa kwa mawe na kuezekwa kwa makuti. Mlangoni pana mtungi wa maji na kata ya kifuu cha nazi. Hakuna pambo hata moja. Lakini hatukumbuki hata siku moja mgeni kuingia pale akahitaji kuuliza kitu. Mama alikuwa akiutazama mtungi kila baada ya swala, kama anavyotazama chungu jikoni, na ukipungua alimwita yeyote kati ya watoto aujaze.

Alipowasili tulimwamkia, akatuitikia marahaba, akatuombea dua ya makazi mema. Tukamtembeza nyumba nzima. Alipoingia chooni mara ya kwanza alikawia kidogo, kisha akatoka akitabasamu. "Mashaallah, wanangu," alisema. "Kumepambwa kama chumba cha bibi harusi." Tulifurahi. Tuliyasikia aliyoyasema, aliyoyanyamaza hatukuyasikia.

Siku zilizofuata mama akapata shoga. Jirani yetu wa upande wa kulia ni mama mtu mzima mwenzake, anayeishi katika nyumba ya zamani yenye uwanja mpana. Kila baada ya kifungua kinywa mama aliutwaa mkongojo na furushi lake la kindu, akamshika mkono mjukuu wake wa miaka 9, wakaenda kwa jirani. Baada ya Adhuhuri alikwenda tena, na kabla ya Magharibi mara ya tatu. Tuliufurahia ujirani huo. Tulisemezana usiku kwamba mama hakukaa kama mpweke wa mjini, bali amepata mtu wa kuzungumza naye mambo ya rika lake.

Jambo jingine tuliliona bila kulitazama. Baada ya Alasiri mama hakunywa kitu. Chai aliisukuma, maji aliyaacha, uji aliuonja kwa ncha ya kijiko. Tulipombembeleza alijibu, "Mimi mtu wa kizamani, maji yananijaza tumbo." Jua la siku zile lilikuwa kali, hata watoto walikuwa wakilala sakafuni kutafuta baridi. Nasi tuliridhika na jibu lake, maana mtu mzima hasumbuliwi juu ya tumbo lake.

Usiku wa tisa, kabla ya adhana ya Alfajiri, tulisikia kishindo ukumbini. Tulimkuta mama amekaa chini ameegemea ukuta, midomo imekauka, anatutazama lakini hatutambui. Tulimkimbiza hospitali. Daktari alisema mwili umepungukiwa maji mno, na pamoja na hayo ana maambukizi katika njia ya mkojo. Akatundikiwa dripu. Adhuhuri akili ilikuwa imemrejea, na daktari akamuuliza anakunywa maji kiasi gani kwa siku. "Glasi moja," alijibu. Daktari akauliza sababu. Mama aligeuza uso ukutani, asijibu.

Aliyejibu ni mtoto. Alikuwa amesimama kwenye ncha ya kitanda ameushika mkongojo wa bibi yake. "Bibi haendi choo chetu," alisema, bila kujua uzito wa neno lake. "Huwa tunakwenda cha bibi jirani. Mimi namshikia mkongojo. Usiku ndiyo hanywi maji, kwa sababu kwa bibi jirani kunafungwa mlango."

Ndugu msomaji, zipo aibu ambazo mtu huzipata mbele za watu, na ipo nyingine ambayo humpata mtu mbele ya mama yake peke yake. Hii ya pili hatukuwa tumewahi kuionja.

Daktari alipoondoka tulikaa kando ya kitanda, kila mmoja upande wake. Tulimuuliza kwa upole kwa nini hakutwambia. Alinyamaza kitambo kirefu.

"Ningesema nini, wanangu? Niseme choo chenu kizuri kinanishinda?"

Kisha, kidogo kidogo, akaeleza. Kitufe cha mpira wa maji vidole vyake havikuweza kukibinya. Siku ya kwanza alikibinya kwa viganja vyote viwili, maji yakamrukia kwenye gauni na kanga, na tangu hapo akawa na shaka ya twahara ya nguo zake. Alitafuta kopo, hakuliona. Alitafuta ndoo, hakuiona. Siku ya pili umeme ulikatika, pampu haikupandisha maji kwenye tangi, na mpira wenyewe ukawa mkavu.

"Na karatasi, mama? Karatasi zilikuwapo pale kikapuni, tena nyingi."

Alitutazama kama mtu anayewaeleza watoto jambo lililo wazi. "Ile ya ukutani ilikwisha. Zile za kikapuni niliwasikia mkiwakataza watoto. Mlisema ni za wageni. Mimi ni mama yenu. Mimi si mgeni hapa."

Hatukuwa na jibu. Hata leo hatuna.

Mwanzoni tulidhani kosa letu ni dogo, la kusahau kopo. Tulipozidi kulitafakari tuliona limegusa jambo kubwa zaidi. Mama yetu amelelewa chuoni, kwa mwalimu aliyewafundisha watoto twahara kabla hajawafundisha swala, kwa kuwa isiyotangulia twahara si swala. Anaijua hadithi ya Mtume (S.A.W.) alipopita kwenye makaburi mawili akaeleza kwamba wenyewe wanaadhibiwa, na mmoja wao ni kwa sababu hakuwa akijihadhari na mkojo. Kwa mtu aliyekua na hofu hiyo, kuingia chooni asikute cha kujitwaharishia ni zaidi ya usumbufu wa mwili. Baadaye alitwambia kwamba siku ya kwanza alizirudia Adhuhuri na Alasiri zake kwa shaka ya nguo, akiwa peke yake chumbani, ili tusimwone. Sisi tuliomjengea chumba chenye kibla na kumtandikia msala mpya tulikuwa tumemwondolea kile kinachomfikisha kwenye msala huo.

Na neno hilo msala ni la kutafakari. Katika Kiswahili chetu cha adabu, mtu asiyetaka kutaja choo husema anakwenda msalani. Na mkeka mdogo wa kuswalia nao ni msala. Neno moja linabeba mahali pawili, pale mtu anapojisafisha na pale anaposimama mbele ya Mola wake. Sisi si wanazuoni wa lugha, hatutadai mengi juu yake. Twasema tu kwamba mama aliuishi ukaribu wa maneno hayo kila siku, nasi tuliyatenganisha kwa rafu ya ngazi tatu.

Wapo watakaosema, basi kosa ni la karatasi, ziondoeni, Mwislamu atosheke na maji. Hatukubaliani nao. Ni kweli kwamba maji ndiyo yetu tangu zamani. Aya ya 108 ya Sura At-Tawba inawasifu watu wanaopenda kujitakasa, na wafasiri wengi wameihusisha na watu wa Quba na kustanji kwao kwa maji. Ni kweli pia kwamba karatasi zilianzia mbali. Katika habari za wafanyabiashara wa Kiarabu waliosafiri hadi China, zilizoandikwa mwaka 851, msimulizi anaeleza kwa mshangao kwamba watu wa huko hawajioshi kwa maji baada ya haja bali hujipangusa kwa karatasi. Karatasi za kuuzwa madukani kwa kazi hiyo zilianza Marekani mwaka 1857 kwa Joseph Gayetty wa New York, na roli yenye vipande vya kukata tunayoijua leo ilipata hatimiliki yake huko huko mwaka 1891 kwa jina la Seth Wheeler. Ni kitu cha juzi, nacho kimetufikia kama vilivyotufikia vibiriti na mabati.

Lakini sheria yetu haikuwa imemwacha mtu asiye na maji. Swahaba Salman al-Farisi (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliwakataza kustanji kwa mkono wa kulia, kwa mawe yaliyo chini ya matatu, na kwa kinyesi cha mnyama au mfupa. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi katika pwani yetu, wakaeleza kwamba kila kilicho mfano wa jiwe chafaa, madhali ni twahara, ni kikavu, kinaondoa najisi, na si kitu chenye heshima. Ndiyo maana chakula hakifai. Ndiyo maana pia, na wasomaji wa gazeti hili wanalijua hili, haifai kabisa kutumia karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu au elimu ya dini. Tuliokulia nyumba za uani tunakumbuka vipande vya magazeti vilivyotungwa kwenye msumari, na mara ngapi wazee walivikagua kimoja kimoja kabla ya kuvitundika. Roli nyeupe isiyo na maandishi imetuepusha na hatari hiyo. Wanazuoni wanasema pia kwamba lililo bora ni kuvikusanya viwili, kupangusa kwanza kisha maji. Basi karatasi si adui wa kopo. Vikiwekwa pamoja, ni ndugu.

Tukarudi nyumbani kuitazama rafu yetu kwa jicho jingine. Tulifungua tepe za dhahabu, tukainua roli. Tatu za chini zilikuwa zimevimba kwa unyevu, na moja ilikuwa na madoa meusi ya ukungu. Tuliiweka rafu hatua moja tu kutoka kwenye mpira wa maji, karibu na sakafu, mahali ambapo kila anayejisafisha na kila anayeoga hurusha matone. Kwa kuwa hakuna aliyezigusa, hakuna aliyejua. Tumekwishasema kwamba kinachotumika badala ya maji sharti kiwe kikavu. Kwa hiyo hata mgeni yule tuliyemtungia pambo lile, lau angekuja na akathubutu kufungua utepe, angekuta kitu kisichomfaa. Hazikumfaa mgeni, hazikumfaa mama, zilitufaa sisi tu, kwa kutazamwa.

Siku ile ile tulianza upya, na tunaeleza tulivyofanya kwa kuwa huenda kuna nyumba nyingine yenye rafu kama ile. Kwanza, kopo la buluu tulilirejesha msumarini pake, na chini yake pipa dogo lenye kifuniko chepesi, linalojazwa kila baada ya Isha hata kama bomba linatoa maji. Tulipima urefu wa msumari kwa mkono wa mtu aliyekwisha kukaa, si kwa mkono wa aliyesimama, kwani mwenye kuhitaji kopo amekaa. Pili, ukutani tulifunga chuma cha kushikia, ili mwenye magoti mabovu apate kuinukia. Tatu, karatasi za akiba tulizihamishia upande wa pili, mbali na maji, juu ya kibao kilichopigiliwa usawa wa bega la aliyekaa. Hatuweki tena 6. Tunaweka 2, na nyingine zinakaa stoo kwenye ukavu. Mbili humtosha mtu, na zinatumika kabla hazijala unyevu.

Tepe tulizitupa. Roli iliyofungwa utepe inamwambia mtu, usiniguse. Roli iliyo wazi, ambayo ncha yake imekwisha kufunguliwa, inamwambia, nipo kwa ajili yako. Hatukuwahi kufikiri kwamba vitu vya chooni navyo husema, lakini mama alivisikia vizuri kuliko sisi.

La nne ndilo gumu kuliko yote, nalo halihitaji fedha. Sasa kila anayekuja kwetu, awe mzazi, ndugu au mgeni wa mara ya kwanza, tunampeleka hadi mlangoni na kumwambia, "Choo hiki hapa, maji haya hapa, kopo hili hapa, karatasi hizi hapa, tumia." Inachukua muda mfupi kuliko kumwaga chai. Mwanzoni tuliona haya kutaja vitu hivyo mbele ya mtu mwenye heshima zake. Lakini haya ni ya namna mbili. Ipo haya iliyo sehemu ya imani, nayo humzuia mtu na baya. Ipo na nyingine inayomfanya mwenyeji anyamaze ili mgeni wake ataabike. Mama hakuuliza kwa sababu ya haya zake njema. Ilikuwa juu yetu tuseme ili asihitaji kuuliza.

Na hatusemi kwamba mapambo ni haramu. Ua la kitambaa bado lipo, na chupa ya marashi ipo. Msalani penye usafi na harufu njema ni ukarimu. Lakini pambo lina nafasi yake, nayo ni nyuma ya haja. Likisimama mbele ya haja likaifunika, limekuwa ukuta.

Mama alikaa hospitali siku 4, kisha akarudi kwetu, akamaliza wiki 3 za matibabu ya magoti. Aliendelea kwenda kwa jirani, mara moja kwa siku, baada ya Alasiri. Hapo ndipo tulipojua kwamba ushoga ule nao ulikuwa wa kweli. Maji alikunywa. Tulijizuia kumhesabia glasi, na tulishindwa, yeye akaona, akacheka, akasema, "Msinitazame hivyo, kama mwari anayefundwa." Choo hakukitaja tena kwa sifa. Alikitumia tu, akatoka, akaenda zake. Tulijifunza kuipenda sifa hiyo.

Miezi miwili baada ya kurejea Pangani alitutumia kifurushi kwa basi. Ndani yake mlikuwa na jamanda lenye kifuniko, ukili mwembamba uliotiwa rangi ya zambarau na kijani, mshono umekaza kama alivyokaza siku za nguvu zake. Tulijua ni maumivu kiasi gani yaliyomo katika kazi ile kwa vidole vile. Tulimpigia simu kumshukuru, tukamwambia tutaliweka sebuleni, juu ya kabati la vyombo, kila anayeingia alione.

"Sebuleni la nini?" aliuliza. "Nimelipima kwa roli mbili. Nilimwomba mjukuu anitajie kipimo. Kifuniko ni cha kuzuia maji, na ukili unapitisha hewa, hazitaota ukungu. Liwekeni pale pale kwenye kibao."

Mmoja wetu akamwambia, "Mama, kazi nzuri kama hii iwekwe chooni?"

"Kwani huko ndiko wanakokwenda watu wachache?"

Tuliliweka pale. Lipo hadi leo, na rangi yake ya kijani imeanza kufifia kwa kushikwashikwa kwenye kifuniko. Mtoto wetu, yule mshika mkongojo, ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kulitazama kila baada ya Isha. Likiwa na roli moja tu, anaongeza ya pili, kisha anajaza pipa. Hatukumwambia kwamba ni kazi ya bibi yake ya zamani, ya kuutazama mtungi wa mlangoni. Alikwisha kuijua.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu ampe mama yetu afya na umri mwema, atusamehe yale tisa ya usiku aliyolala na kiu chini ya dari letu, na azijaalie nyumba zetu ziwe pana kwa wanaoingia kabla ya kuwa nzuri kwa wanaotazama. Amin.